Mradi wa Familia: Kutengeneza Spika kwa Mikono Yetu

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia ufugaji wa kuku, ushonaji na utengenezaji wa sabuni. Mwezi huu tunagusa kazi ambayo akina mama wengi hudhani haiwahusu: kutengeneza spika. Ukipita Mbagala, Tandika, Yombo, Tandale au Mwananyamala, karibu kila mtaa utamkuta kijana mmoja uani, radio imefunguliwa mbele yake, na mama akilalamika kwamba nyumba imejaa nyaya. Baadaye kijana huyo humwendea mama yake na kusema, "Mama, nipatie mtaji nitengeneze spika niuze." Mara nyingi mtaji anaoutaka ni fedha za kikoba, na fedha za kikoba ndizo ada ya mdogo wake.

Mama afanyeje? Akikataa bila kuuliza, huenda anaua kazi njema. Akikubali bila kuuliza, huenda ada imepotea. Sisi tunaona ni vema aielewe kazi yenyewe, ili akae na kijana wake mezani wafanye hesabu pamoja.

Soko lipo, ila si kila soko

Hakuna anayetilia shaka kwamba Dar es Salaam inapenda sauti. Harusi, kipaimara, sendofu, msiba, mkutano wa injili, duka la CD la zamani na kibanda cha kuonyesha mpira, vyote vinahitaji spika. Tena watu wa mitaa yetu hawajawahi kungoja kiwanda. Katika miaka ya 1990 vikundi vya mchiriku vilipiga vinanda vidogo vya Casio kupitia vikuza sauti na honi zilizoungwa kwa betri ya gari. Jagwa Music, kundi lililoanza mwaka 1992, lilikuja kupiga muziki huo hadi Ulaya. Mwaka 2017 nyimbo za singeli kutoka studio moja ya Mburahati zilitolewa kwenye albamu iitwayo Sounds of Sisso, na wasikilizaji wa nchi za mbali wakazipokea. Tupende au tusipende muziki huo, tujifunze jambo moja: ufundi wa sauti wa uani si mchezo wa watoto.

Hata hivyo, lipo soko ambalo fundi wa mkono hataliweza. Ni lile la sabufa ndogo za sebuleni zinazoletwa kwa makontena na kujaa Kariakoo. Kiwanda kinachotengeneza maelfu kwa mara moja hununua kila kitu kwa bei ambayo kijana wetu hataipata. Akijaribu kushindana nacho kwa bei, atachoka bure.

Fundi wa mkono ana nafasi katika mambo matatu. La kwanza ni matengenezo: kubadilisha koili iliyoungua, kubandika mpira uliochanika na kuziba sanduku lililopasuka. La pili ni masanduku ya kuagizwa, yaani mteja analeta spika zake naye anatengenezewa sanduku la kuzifaa. La tatu ni spika kubwa za kumbi, kwaya na wakodishaji wa vyombo, ambao wanataka kitu kigumu cha kubebwa kwenye kirikuu kila wiki, na fundi wa karibu wa kumwita kikiharibika. Kazi ya matengenezo ndiyo inayohitaji mtaji mdogo kuliko zote, na ndiyo inayomfundisha kijana kwa nini spika hufa. Ni heri aanzie hapo.

Spika ni kitu gani?

Ukiifungua spika utakuta karatasi ngumu yenye umbo la faneli, nyuma yake koili ya waya mwembamba, na koili hiyo imekaa ndani ya sumaku. Umeme kutoka kwenye amplifaya ukipita katika koili, sumaku huisukuma na kuivuta, nayo karatasi huenda mbele na nyuma na kuitikisa hewa. Mtikisiko huo ndio sauti. Spika ya aina hii ilielezwa mwaka 1925 na Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, na hadi leo spika nyingi bado zinafuata mpango ule ule.

Basi sanduku ni la nini? Karatasi inapoisukuma hewa kwa mbele, kwa nyuma inaivuta. Hewa ya mbele na ya nyuma zikikutana hufutana, na besi hupotea. Jaribuni nyumbani. Pigeni spika tupu ikiwa mkononi, mtasikia sauti ya kikopo. Kisha ibaneni juu ya ubao mpana uliokatwa tundu la kuitosha. Mara moja besi itatokea, wala hamjaongeza umeme wowote. Kwa hiyo sanduku si pambo. Ni nusu ya chombo, nalo ni kazi ya seremala.

Yapo masanduku ya namna mbili. Moja hufungwa kabisa, lisitoe hewa hata kidogo. Edgar Villchur wa Marekani alionyesha mwaka 1954 kwamba sanduku dogo lililofungwa hivyo linaweza kutoa besi nzito, likitiwa spika iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. La pili huwa na tundu au bomba linaloongeza besi. Namna hii ilibuniwa na Albert Thuras, aliyepewa hataza yake mwaka 1932. Tundu hilo lina hesabu: upana wake, urefu wa bomba na ujazo wa sanduku lazima vikubaliane na spika yenyewe. Wengi hukata tundu kwa kukisia, kisha wakashangaa sanduku linavuma kama pipa. Kwa anayeanza, afuate vipimo vilivyotolewa na mtengenezaji wa spika. Akikosa vipimo, ni afadhali afunge sanduku kabisa.

Ubao mmoja, masanduku mawili

Huu ni mfano wa kukata ubao bila kupoteza. Ubao wa futi 8 kwa 4 una urefu wa sentimita 244 na upana wa sentimita 122. Chukueni wenye unene wa milimita 18. Plaiwudi huvumilia kubebwa na unyevu wa Dar es Salaam kuliko MDF, ambayo ikilowa huvimba. MDF ni laini kukata, nayo yafaa kwa spika zinazokaa ndani.

1. Pasueni ubao kwa urefu, mpate mikanda mitatu yenye upana wa sentimita 40.

2. Mikanda miwili ya kwanza ikateni kila sentimita 60. Mtapata vipande 8.

3. Mkanda wa tatu toeni vipande 4 vya sentimita 40 kwa 40. Hivyo ni vifuniko vya juu na vya chini. Kitabaki kipande cha sentimita 84 hivi, ambacho kitatoa mbao za kukazia ndani.

4. Katika vile vipande 8, vinne viwe ubavu kama vilivyo. Vinne vya mbele na nyuma vipunguzeni upana hadi sentimita 36.4, ili viingie kati ya mbavu.

5. Kwenye vipande vya mbele kateni duara la spika ya inchi 12. Piteni kwanza kwa penseli mkiipima spika yenyewe. Msiamini namba iliyoandikwa kwenye boksi.

6. Unganisheni kwa gundi ya mbao na skrubu, wala si misumari mitupu. Kila kiungo kizibwe kwa gundi kwa ndani. Kaeni kiganja karibu na viungo muziki ukipigwa. Mkisikia upepo, sanduku linavuja.

Ndani ya sanduku hilo kutakuwa na sentimita 60 kwa 36.4 kwa 36.4, yaani karibu lita 80, sawa na ndoo nne za lita 20. Ujazo huu hautaifaa kila spika ya inchi 12, lakini sasa mnajua kuupima, na mteja akileta vipimo vyake mtaweza kumjibu.

Jambo la afya: vumbi la mbao ni hatari kwa mapafu, na wataalamu wa saratani duniani wameliweka katika orodha ya visababishi vya saratani. La MDF lina gundi ndani yake na ni jembamba zaidi. Kukata na kupiga msasa kufanyike nje, fundi akifunga pua kwa barakoa nzuri, mbali na jiko na mbali na watoto wanaotambaa.

Nyaya na namba ndogo zinazounguza

Spika nyingi zimeandikwa omu 8 au omu 4. Mama asiogope neno hili. Ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, huwa omu 4. Zikiwa nne huwa omu 2. Amplifaya iliyoandikwa kwamba mwisho wake ni omu 4 ikipewa omu 2 hupata moto, na huenda ikaungua katikati ya harusi ya watu. Hapo ndipo fundi hupoteza jina.

Unaponunua spika, hasa iliyotumika, nenda na mita ya kupimia umeme. Spika nzima ya omu 8 kwa kawaida itaonyesha kati ya 5 na 7 hivi. Ikiwa mita haionyeshi kitu, koili imekatika. Bonyeza karatasi taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ukisikia mkwaruzo, koili inagusa sumaku, usinunue. Na ili kujua upande wa chanya, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwa sekunde moja. Karatasi ikiruka mbele, waya ulioshika chanya ya betri ndio chanya ya spika. Spika mbili zikiungwa kinyume, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi inapotea ingawa hakuna kilichoharibika.

Hesabu kabla ya msumeno

Sasa tufike pale panapoumiza. Tuchukue mfano wa jozi moja ya spika. Tarakimu hizi ni za kujifunzia tu, kila mmoja aulize bei za kwake. Tuseme ubao ni shilingi 80,000, spika mbili tupu ni 120,000, gundi, skrubu, nyaya, kapeti na wavu ni 40,000, na usafiri ni 10,000. Jumla ni 250,000. Kijana anauza jozi kwa 300,000, anarudi nyumbani akishangilia faida ya 50,000.

Je, ni faida? Amefanya kazi siku nne. Kama angeajiriwa kwa 15,000 kwa siku angelipwa 60,000. Ukiongeza hiyo, gharama ni 310,000, na ameuza kwa 300,000. Amepoteza 10,000, na bado hatujahesabu umeme, wala ile spika ambayo mteja ataileta imeungua wiki ya pili. Miradi mingi ya nyumbani hufa hivi. Haifi kwa kukosa wateja, bali kwa kuwa jasho la familia halikuandikwa kwenye daftari.

Wengi tumeona neno JBL kwenye spika za mitaani. Herufi hizo ni za mtu, James B. Lansing, fundi wa Marekani aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1946. Mikono yake ilisifiwa, lakini upande wa biashara ulimshinda, na alipofariki mwaka 1949 kampuni ilikuwa na madeni mengi. Wengine ndio waliokuja kuikuza. Mwaka ule ule wa 1946, Paul Klipsch naye alianza kutengeneza spika katika kibanda cha bati katika mji mdogo wa Hope, jimbo la Arkansas, akiziunda mwenyewe chache chache. Kampuni yake ilidumu, na jina lake lingali kwenye spika hadi leo. Kibanda cha bati si aibu, wala mikono mizuri peke yake haitoshi. Katika hili mama ana nafasi kubwa: yeye aliyezoea kuzigawa fedha za matumizi mpaka mwisho wa mwezi awe mshika daftari.

Wati za uongo

Kuna jaribu moja katika kazi hii. Utaona spika ndogo imebandikwa karatasi ya wati 5,000. Chombo hicho hakiwezi kutoa hata sehemu ndogo ya hizo. Mteja naye amezoea kuuliza, "Ina wati ngapi?" na kijana anashawishika kuandika namba kubwa, au kubandika nembo ya kampuni ya nje kwenye sanduku alilolitengeneza Tandika.

Nembo ya mwingine ni kosa kisheria. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza bidhaa bandia, na Tume ya Ushindani huzikamata na kuziharibu. Wati za uongo nazo ni sawa na kibaba kilichotobolewa. Tena hazina faida, kwa maana ukiongeza wati mara mbili, sauti huongezeka desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili sauti isikike kama imezidi mara mbili, wati zinatakiwa mara 10 hivi. Kijana mwenye uwezo wa kumweleza mteja jambo hili kwa upole, akampigia spika ili asikie mwenyewe, atauza zaidi ya mwenye karatasi ya kung'aa. Aandike jina lake na mtaa wake nyuma ya sanduku. Hiyo ndiyo nembo yake.

Jirani naye ana masikio

Msomaji anaweza kuuliza: je, ni haki sisi kupata chakula chetu kutokana na kelele? Swali hili ni la kweli. Nyumba zetu zimebanana. Upande wa pili wa ukuta kuna mzee mwenye presha, mtoto mwenye homa na binti anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Shirika la Afya Duniani linashauri kelele ndani ya chumba cha kulala usiku isizidi desibeli 30. Muziki wa ngoma za usiku mtaani huzidi hapo kwa mbali. Nchini kwetu zipo kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na viwango vya usiku ni vikali kuliko vya mchana.

Tusiwanyoshee kidole wapiga singeli peke yao. Makanisa nayo hukesha na spika zikielekezwa nje. Jirani asiyelala hajali kama kilichomnyima usingizi ni ngoma au pambio. Fundi mwenye hekima atawashauri wateja wake wote namna moja: spika zielekezwe ndani kwa watu walioalikwa, zisambazwe ndogo kadhaa badala ya mbili kubwa mno, na saa ya kuzima ijulikane kabla ya saa ya kuwasha. Majaribio ya uani yafanyike mchana, kwa muda mfupi, na jirani aambiwe mapema.

Na masikio ya fundi mwenyewe je? Kwa wataalamu wa afya kazini, desibeli 85 ni mwisho wa saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda hukatwa nusu, hata kufikia desibeli 100 ni dakika 15 tu. Masikio yakishaharibika kwa kelele hayaponi. Kijana anayeziba masikio wakati wa kujaribu spika si mwoga. Analinda kifaa chake cha kazi.

Mtaji utoke wapi?

Ushauri wetu ni huu: ada ya shule isiguswe. Mradi uanze na mita, vifaa vya kuchomea risasi, na spika mbovu mbili tatu za majirani. Kinachopatikana kwenye matengenezo ndicho kinunue ubao wa kwanza. Mteja wa spika mpya alipe kianzio kinachotosha vifaa, na aandikiwe karatasi.

Anayetaka kujifunza zaidi aulizie mafunzo ya umeme, elektroniki na useremala katika chuo cha VETA cha Chang'ombe. SIDO, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, hutoa mafunzo na ushauri. Wenye vikundi waulize ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Kutokuwa na riba hakuufanyi kuwa zawadi. Hurudishwa.

Mama, kabla ya kutoa hata shilingi, mwulize mwanao maswali haya: Nani atanunua jozi ya kwanza, na amelipa kianzio? Siku zako nne umeziandika shilingi ngapi? Ikiungua nitamlipa nani, na kutoka wapi? Mama mgonjwa wa nyumba ya pili umemwambia? Akiwa na majibu, kaa naye, fungua daftari, mtangulizeni Mungu katika kazi hiyo. Akiwa hana, usimvunje moyo. Mpe daftari na kalamu, mwambie arudi wiki ijayo.